Usukani Unaocheza na Kugonga: Kutafuta Chanzo katika Corolla ya Zamani

Mwenye gari la zamani anapofika gereji na kusema kwamba usukani wake "unacheza na kugonga", huwa ametaja mambo mawili ambayo mara nyingi yana chanzo kimoja, lakini si mara zote. Kucheza ni ule ulegevu wa usukani kuzunguka kidogo kushoto na kulia bila magurudumu kuitikia. Kugonga ni sauti, na sauti inaweza kutoka kwenye kitu kisichohusiana kabisa na usukani, kama linki ya stabilaiza (fimbo fupi ya ule mfumo unaozuia gari lisilale kwenye kona) au pedi ya breki iliyolegea. Fundi asiyetenganisha mambo haya hukimbilia kubadilisha tairodi endi, kiungo cha mwisho kabla ya gurudumu, kwa kuwa ndiyo spea ya bei nafuu na rahisi kufikiwa, kisha gari huondoka na kurudi baada ya siku tatu likiwa na kilio kilekile.

Maelezo haya yanafuata Toyota Corolla ya kizazi cha AE100, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1991, na ile ya AE110 iliyoifuata mwaka 1995, kwa sababu ndizo ninazozifahamu kwa mikono yangu, na kwa sababu mpangilio wake hautofautiani sana na ule wa Starlet, Carina na magari mengine madogo ambayo injini huendesha magurudumu ya mbele. Usukani huzungusha shafti inayoshuka hadi kwenye sakafu karibu na pedali, na kwa kuwa shafti hiyo haiwezi kwenda moja kwa moja, ina krosi mbili ndogo zinazoiwezesha kupinda. Inaishia kwenye pinioni, yaani gia ndogo ya duara, ambayo husukuma reki, fimbo yenye meno, kushoto na kulia. Kila ncha ya reki imefungwa reki endi, ambayo kichwa chake cha duara kimefichwa ndani ya mpira wenye mikunjo, na reki endi nayo huingia kwenye tairodi endi inayoshika chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu. Chuma hicho hushikwa chini na boli jointi, kiungo chenye kichwa cha duara, iliyofungwa kwenye ami, yaani mkono wa chuma wa chini, na juu na shokapu yenye springi. Kila mahali vipande viwili vinapokutana ni mahali ulegevu unapoweza kuzaliwa, na ulegevu mdogo wa viungo vinne huungana ukawa mkubwa mikononi mwa dereva, hata kama hakuna kiungo kimoja ambacho kikitazamwa peke yake kingestahili kutupwa.

Kabla ya kuinua gari

Nati za magurudumu hukaguliwa kwanza, jambo linaloonekana la kitoto hadi siku utakapokutana nalo. Nimewahi kuona gari lililopigiwa ramli ya reki kwa wiki nzima, ilhali nati tatu kati ya nne za gurudumu la kushoto zilikuwa zimelegea tangu siku lilipozibwa pancha. Kwa Corolla hizi kipimo cha kukaza ni Nm 103, na asiye na spana ya kipimo anaweza angalau kuhakikisha kwamba zote zimekazwa kwa mpangilio wa msalaba gari likiwa chini, si likiwa juu ya jeki. Upepo wa matairi hukaguliwa hapo hapo, kwa maana tairi lenye upepo mdogo huufanya usukani uwe mzito na mvivu kwa namna inayofanana sana na ulegevu, na tairi lililovimba ubavuni au kwenye kikanyagio hutikisa usukani hata kama viungo vyote ni vizima.

Baada ya hapo, ulegevu wenyewe upimwe badala ya kukisiwa. Gari likiwa kwenye ardhi tambarare, magurudumu yakitazama mbele sawasawa na injini ikiwa inaunguruma ili pampu ya pawa stelingi ifanye kazi, weka alama ya chaki au kipande cha selotepu juu ya usukani, shika rula karibu yake, kisha uzungushe usukani kidogo kidogo mpaka gurudumu la mbele lianze kusogea, na urudishe upande wa pili vivyo hivyo. Kikomo kinachotajwa katika vitabu vya ufundi vya Toyota kwa magari haya ni milimita 30 kwenye ukingo wa usukani. Kwa maoni yangu, kiasi hicho ni kikubwa mno kwa gari linalotembea kwenye barabara kuu, na Corolla yenye viungo vizima haifikii hata nusu yake. Ukaguzi wa kila mwaka wa magari nchini Uingereza ni mkali zaidi, kwani gari lenye reki huruhusiwa takriban milimita 13 tu, huku magari yenye boksi ya gia badala ya reki yakivumiliwa hadi 75. Kipimo hiki kiandikwe, kwa sababu baada ya matengenezo ndicho kitakachoonyesha kama spea iliyonunuliwa imetibu ugonjwa au imetibu hofu ya mwenye gari.

Sikiliza pia ni wakati gani sauti inatokea. Sauti inayotoka pale tu usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama huelekeza kwenye krosi za shafti, kwenye reki au kwenye maunti (kishikizo) ya juu ya shokapu. Sauti inayotoka kwenye mashimo madogo madogo na barabara ya changarawe, usukani ukiwa umenyooka, huelekeza kwenye tairodi endi, reki, linki za stabilaiza au boli jointi. Ile inayotoka mara moja tu unapokanyaga breki au unapoondoka, "ngo" moja nzito, kwa kawaida ni bushi (mpira wa kiungo) ya ami au maunti ya injini. Mwenye gari ndiye mwenye ushahidi huu, na fundi mzuri hutumia dakika tano kumhoji kabla ya kuchukua spana.

Jaribio la watu wawili

Hakuna kifaa kinachoshinda mikono ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye kiti cha dereva na kutikisa usukani kushoto na kulia kwa sentimita chache tu, kwa haraka kidogo, kama mtu anayetingisha mlango uliofungwa ili aone kama una komeo. Mwingine hufuata mnyororo wote kuanzia juu, akiweka kiganja juu ya kila kiungo. Uzito wa gari uwe juu ya matairi, kwa kuwa ni ukinzani wa matairi chini ndio unaolazimisha ulegevu ujitokeze. Gari likiinuliwa magurudumu yote mawili ya mbele, yatafuata usukani bila kubishana na viungo vilivyochakaa vitaonekana vizima. Gereji yenye shimo la kuingia chini ya gari hurahisisha kazi, lakini hata nyumbani unaweza kukata usukani hadi mwisho, ukalala pembeni ya gari, na kufikia tairodi endi na mpira wa reki kupitia nafasi iliyo nyuma ya tairi. Vuta hendibreki, weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, na ikiwa gari limeinuliwa, lisimamishwe juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake si ya kuingiwa chini yake, na matofali ya saruji hupasuka bila taarifa.

Kiganja huhisi mambo ambayo jicho halioni. Kiungo kizima hupitisha mwendo bila kuchelewa, yaani kipande cha kwanza na cha pili huondoka pamoja. Kiungo kilichochakaa hutoa pigo dogo chini ya ngozi: kipande cha kwanza kimeshasogea, cha pili bado, halafu kinafuata kwa kushtuka. Ukishika kwa vidole viwili, kimoja juu ya kipande hiki na kingine juu ya kile, utaihisi tofauti ya hata nusu milimita.

Shafti na krosi zake

Watu wengi huanzia magurudumuni na kupanda juu. Mimi huanzia juu, na nina sababu ya binafsi. Corolla yangu ya mwaka 1997 ilianza kugonga kwenye barabara ya vumbi, sauti kavu ya "tak, tak" iliyohisika kwenye vidole kuliko ilivyosikika masikioni. Gereji ya kwanza ilibadilisha tairodi endi zote mbili. Ya pili ilisema ni reki, ikataka niinunue nzima. Kabla sijalipa, nilimketisha mpwa wangu kwenye usukani, nikaingiza mkono chini ya pedali na kuishika krosi ya juu. Alipotikisa, nikahisi kila kitu kwa mara moja: bolti inayobana shina la krosi kwenye meno ya shafti ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole, na meno yalikuwa yanapigana ndani yake. Dakika kumi na spana moja zilimaliza kelele ya miezi minne, ingawa nilirudia kukagua bolti hiyo mara kadhaa, kwa kuwa meno yaliyokwisha kupigana kwa muda mrefu hulika na hayashiki tena, na hapo kipande chote hubadilishwa.

Krosi yenyewe inapochakaa huwa na dalili mbili tofauti. Ikiwa sindano zake, yaani beringi nyembamba zilizo ndani, zimeisha, italegea na kugonga kama nilivyoeleza. Ikiwa zimeshika kutu, jambo linalotokea sana kwenye krosi ya chini iliyo karibu na pinioni, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari, usukani utakuwa mzito na mwepesi kwa zamu kila nusu mzunguko, na hautarudi wenyewe katikati baada ya kukata kona. Kupulizia mafuta ya kulegeza kutu huleta nafuu ya wiki chache tu.

Sehemu hii isidharauliwe kwa kuwa ni ndogo. Mwezi Novemba 2012 kampuni ya Toyota iliita magari zaidi ya milioni 2.7 duniani, yakiwemo Prius na baadhi ya Corolla za miaka iliyofuata, kutokana na tatizo la kipande cha shafti ya usukani ambacho kingeweza kuharibika pale dereva anapozoea kuzungusha usukani kwa nguvu hadi mwisho gari likiwa kwenye mwendo mdogo. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani huletwa Afrika Mashariki bila mnunuzi kujua historia yake, na ni vyema anayemiliki gari la rika hilo aiangalie shafti hiyo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Reki

Reki huhukumiwa bila kesi. Ni spea ghali, na kwa sababu hiyo hiyo inapaswa kuwa ya mwisho kushukiwa. Kwanza tazama jinsi ilivyofungwa. Imeshikwa kwenye fremu ya chini kwa vibano na bushi za mpira, na mpira huo unapolainishwa na mafuta yanayovuja kwa miaka, reki yote huanza kuteleza pembeni kila usukani unapozungushwa. Katika jaribio la watu wawili jambo hili huonekana kwa macho bila kificho: mwili wa reki husogea kushoto na kulia badala ya kutulia huku fimbo ya ndani pekee ikisogea. Dereva huuhisi ulegevu huu kama uchelewaji, gari likifikiri kwanza kabla ya kukata kona. Bushi mpya na kukaza bolti humaliza shauri.

Ikiwa mwili wa reki umetulia lakini pinioni inatikisika, kuna kitu kingine cha kujua. Nyuma ya reki, mkabala na pinioni, kuna kiatu kidogo kinachosukumwa na springi ili kuyabana meno ya reki dhidi ya meno ya pinioni, na nyuma ya springi kuna skrubu kubwa yenye lokinati, nati ya kuifungia isizunguke. Kiatu hicho kikilika, meno hupata nafasi ya kurukaruka, na kwenye barabara ya changarawe husikika mlio wa haraka haraka kama mtu anayebisha mlango kwa kucha. Skrubu hiyo inaweza kukazwa, lakini kwa kiasi kidogo sana, digrii chache kwa wakati mmoja, na baada ya kila hatua usukani uzungushwe kutoka mwisho hadi mwisho kuhakikisha kwamba haukwami popote na kwamba unarudi wenyewe katikati. Meno ya katikati ndiyo yanayotumika zaidi na ndiyo yanayolika zaidi. Ukiyabana hayo barabara, meno mazima ya pembeni yatakwama ukikata kona, na usukani unaokwama kwenye kona ni wa hatari kuliko unaogonga. Reki iliyolika hivyo haina marekebisho, inabadilishwa.

Upande usio na pinioni, fimbo ya reki hupita kwenye bushi, na ikiisha utaona fimbo ikipanda na kushuka gurudumu linapotikiswa. Minya mipira yenye mikunjo pia: ikiwa imejaa mafuta, oili sili za ndani zimekwisha. Corolla hizi hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya aina ya Dexron kwenye pawa stelingi, na yakipungua pampu huvuta hewa, usukani ukavuma na kupigapiga, hali ambayo wengine huichanganya na ulegevu.

Anayenunua reki ya mtumba, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, aangalie kwanza ilitoka kwenye gari la usukani wa upande gani. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia usukani wa kulia; Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na spea nyingi zinazoingia kutoka Dubai zimetolewa kwenye magari ya usukani wa kushoto. Reki hizo zinafanana kwa macho zikiwa zimetundikwa dukani, lakini pinioni iko upande usiofaa na haitafungika.

Reki endi na tairodi endi

Hapa gari liinuliwe upande mmoja tu, ili tairi la pili lililobaki chini liishikilie reki isikimbie. Shika tairi mbele na nyuma kwa urefu wa kitovu, ulitikise kwa kusukuma mkono mmoja huku ukivuta mwingine. Ukihisi kulegea, mwambie msaidizi aendelee kutikisa, nawe uweke kidole kwenye shingo ya tairodi endi. Ikiwa kiungo hicho kimetulia lakini fimbo yote inaingia na kutoka, minya mpira wenye mikunjo mpaka uhisi kichwa cha reki endi ndani yake, na ulegevu utakugonga kidoleni. Reki endi husahauliwa sana kwa kuwa haionekani, na ndiyo sababu tairodi endi mpya hufungwa juu ya ugonjwa wa zamani.

Tairodi endi ambayo mpira wake wa vumbi umepasuka ihesabiwe kuwa imekufa hata kama bado haijalegea, kwa maana grisi imeshachanganyika na mchanga. Desturi ya kuichomelea kichwa au kuipiga nyundo ili ibane tena ni ya kukataliwa bila mjadala. Chuma kilichopata moto wa kuchomelea hupoteza ugumu wake, na kikikatika, gurudumu moja hubaki bila kuongozwa na chochote.

Boli jointi

Sasa shika tairi juu na chini. Ulegevu wa namna hii unaweza kuwa wa beringi au wa boli jointi, na njia ya kuzitofautisha ni rahisi: msaidizi akanyage breki kwa nguvu wakati wewe unaendelea kutikisa. Breki hufunga kitovu pamoja na chuma kinachokibeba, hivyo ulegevu ukitoweka tatizo ni beringi, na ukibaki palepale tatizo ni boli jointi au shokapu.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Kwenye Corolla, uzito wa gari hupita kwenye springi na shokapu, si kwenye ami ya chini, kwa hiyo boli jointi hupimwa gari likiwa limeinuliwa kwenye bodi na gurudumu likining'inia huru, kisha mtaimbo mdogo unaingizwa kati ya ami na chuma cha kitovu na kuinuliwa taratibu. Ukiweka jeki chini ya ami, unaibana jointi na kuuficha ulegevu. Kwenye magari ambayo springi au tosheni ba (fimbo inayojisokota badala ya springi) hukaa juu ya ami ya chini, kama baadhi ya Hiace na Hilux za zamani zenye ami mbili kila upande, mambo hugeuka: jeki huwekwa chini ya ami ili kuipunguzia boli jointi ya chini mzigo wa springi, la sivyo springi ndiyo itakayoubana ulegevu usionekane.

Yeyote aliyesafiri katika barabara zetu amewahi kuona gari dogo limeinama kando ya njia, gurudumu moja la mbele limelala chini ya fenda kama mguu uliovunjika. Hiyo mara nyingi ni boli jointi iliyochomoka. Kabla ya siku hiyo huwa imegonga kwa wiki kadhaa kwenye matuta na wakati wa kukata kona polepole, na dereva akaongeza sauti ya redio. Kati ya hitilafu zote zinazotajwa hapa, hii haina subira: gari lisiendeshwe hata hadi gereji ya mbali ikiwa ulegevu wake unaonekana kwa macho.

Sauti isiyo na ulegevu

Ikiwa viungo vyote vimepita na usukani umepimwa ukawa imara, lakini kugonga kunaendelea, basi chanzo hakiko kwenye usukani. Linki za stabilaiza huongoza orodha hiyo. Zitikise kwa mkono magurudumu yote mawili yakiwa kwenye kimo kimoja, na ukiwa na shaka zifungue zote mbili, uendeshe taratibu mtaa mmoja na kusikiliza kama kelele imetoweka. Maunti ya juu ya shokapu hujulikana kwa kuweka mkono juu ya springi wakati msaidizi anakata usukani: springi inayojikusanya na kisha kuruka kwa "dong" inaonyesha kwamba beringi ya maunti imekwama. Kishindo kimoja unapokanyaga breki, gari likivutwa kidogo upande mmoja, ni bushi ya nyuma ya ami. Mlio wa "ka-ka-ka" unaoharakisha pamoja na gari likiwa limekatwa usukani hadi mwisho ni wa ekseli, kwenye jointi ya nje. Na kelele ya changarawe inayonyamaza mara tu unapogusa breki kidogo ni pedi zinazocheza kwenye kalipa, hitilafu ambayo imewahi kuuzia watu shokapu mpya.

Magari ya boksi

Land Cruiser za familia ya 70, Land Rover Defender na pikapu za zamani hazina reki. Zina boksi ya gia inayozungusha mkono mfupi, mkono huo ukasukuma fimbo ndefu hadi magurudumuni, na hivyo idadi ya viungo ni kubwa zaidi na ulegevu kidogo ni wa asili. Jaribio la watu wawili ni lilelile, ila kuna mambo mawili yasiyopatikana kwenye Corolla. La kwanza ni beringi za juu na chini za kingpini, pini ambazo gurudumu hugeukia, ndani ya ekseli ya mbele: zikilegea, gurudumu hutikisika juu na chini hata ukikanyaga breki, na mara nyingi utaona pia grisi iliyochanganyika na oili ikichuruzika kwenye tufe la chuma nyuma ya gurudumu. La pili ni fimbo ya kupita inayozuia ekseli isiteleze pembeni kwenye magari yenye springi za koili mbele, ambazo Land Cruiser 78 na 79 zilianza kuwa nazo mwaka 1999. Bushi za fimbo hiyo zikiisha, shimo moja tu linaweza kuanzisha mtetemo mkali wa magurudumu yote mawili ambao hauishi mpaka dereva apunguze mwendo sana. Madereva huogopa na kununua dampa mpya ya usukani, kifaa cha kutuliza mtikisiko, ambayo huufunika mtetemo kwa muda bila kugusa bushi iliyouanzisha.

Boksi yenyewe ina skrubu ya kurekebisha juu yake, nayo ndiyo kishawishi kikubwa. Mtu huikaza ili kufuta ulegevu uliotokana na viungo vya fimbo, na matokeo yake ni usukani mgumu katikati na boksi inayojila. Skrubu hiyo iguswe baada ya viungo vyote kuthibitishwa, magurudumu yakiwa yamenyooka, kwa sehemu ndogo ya mzunguko. Mwenye Defender anayesikia kishindo kila anapoachia mafuta na kukanyaga tena asipoteze muda wake mbele. Achunguze boli jointi kubwa iliyo juu ya ekseli ya nyuma, katikati.

Kufunga na kupangilia

Kabla ya kufungua tairodi endi ya zamani, pima umbali kutoka lokinati hadi katikati ya jointi, au hesabu mizunguko unapoitoa, ili mpya irudi karibu na palepale. Nati yake hukazwa Nm 49 kwenye Corolla, kisha kotapini mpya, pini ya kuzuia nati isilegee, hupitishwa. Kama tundu halijalingana na mkato wa nati, nati huongezwa kidogo, hairudishwi nyuma. Kotapini ya zamani iliyonyooshwa kwa koleo ina ufa usioonekana na haifai hata kama ndiyo pekee iliyobaki gereji. Washa (kipete cha chuma) ya reki endi nayo hupondwa upya kwenye mikato yake ili reki endi isijifungue.

Baada ya kazi yoyote ya reki, reki endi au tairodi endi, magurudumu hupelekwa kwenye mashine ya alaimenti, yaani ya kunyoosha magurudumu, kwa sababu hata mzunguko mmoja wa uzi unatosha kula matairi mawili ya mbele kwa miezi michache. Usukani ukirudi umekaa upande gari likiwa limenyooka, mafundi wengine huung'oa na kuupachika upya kwenye meno ya pili. Njia hiyo huharibu zaidi kuliko inavyotengeneza: reki hubaki nje ya katikati yake, gari hukata kona zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na kwa AE110 zenye mfuko wa hewa ndani ya usukani, waya uliojizungusha chini yake unaweza kukatika siku ya kwanza unapokata usukani hadi mwisho. Usukani uliokaa upande hunyooshwa kwa tairodi endi mbili, moja ikiingizwa na nyingine ikitolewa kwa kiasi kilekile, na ikiwa kuna sababu nyingine ya kuufungua usukani wenye mfuko wa hewa, betri huchomolewa kwanza na kusubiriwa angalau sekunde 90 kabla ya bolti yoyote kuguswa.